Kozi ya boti za faiba Lamu ianzie kwenye mizani

Mhariri,

Kila panapozungumzwa kufundisha vijana wa Lamu ufundi wa viwanda vya kisasa, hutajwa mitambo na vyeti. Kwenye boti za faiba kinachoharibu kazi ni kidogo kuliko hivyo: kipimo.

Rezini, ule uji wa plastiki unaoshikanisha nyuzi, humiminwa ndoo nzima; hadina, dawa ya kuigandisha, ikapimwa kwa kifuniko cha soda. Kilo moja ya rezini yataka gramu 10 hadi 20 za hadina. Ikizidi, kazi hupata joto, hujipinda na kutoka nyufa nyembamba. Ikipungua chini ya gramu 10 haiivi, hata ukiiacha wiki nzima. Joto la Machi humshawishi fundi apunguze hadina ili apate muda wa kupaka. Asipunguze, achanganye nusu kilo nusu kilo, kwenye beseni pana, asubuhi na mapema. Rezini nyingi ikirundikana ndooni hujichemsha yenyewe mpaka ikafuka moshi.

Mkeka wa nyuzi za kioo nao una hesabu yake. Ule wa gramu 450 kwa mita mraba hunywa rezini kama kilo 1.1 kwa kila mita hiyo. Madoa meupe ni dalili kwamba nyuzi hazikulowa. Rezini ikituama, boti huongezeka uzito bila nguvu na ganda huvunjika kama kigae. Jelikoti, lile tabaka la nje la boti, iwe karibu nusu milimita. Ikiwa nyembamba, stairini (kiyeyushi kilichomo ndani ya rezini) ya tabaka linalofuata huila, nayo hukunjamana kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Na mkeka usilazwe sakafuni: hewa ya bahari inautosha kwa unyevu.

Usalama usiachiwe somo la mwisho. Hadina na kobalti, dawa ya kuharakisha rezini igande, zikikutana moja kwa moja hulipuka. Tone la hadina jichoni laweza kupofusha: osha kwa maji dakika 15, ndipo ukimbilie hospitali. Barakoa ya kitambaa (ndiyo inayoonekana kila karakana) haizuii mvuke wa stairini.

Tena mafundi wa jahazi wa Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, wasiwekwe kando kwa kuwa hawana vyeti. Kalibu, umbo ambalo boti hulazwa ndani yake, hutolewa kwenye mfano wa mbao, na jicho la kuona kama ubavu wa kulia umelingana na wa kushoto wanalo wao. Bonde dogo likibaki kwenye mfano litarudi kwenye kila boti. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, lilitoka mikononi mwa mafundi wa jahazi.

Pesa? Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, ada ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mafunzo yaliyoidhinishwa huweza kurudishiwa gharama. Karakana ndogo zisaidiwe kujisajili, maana nyingi hata habari hazina.

Kozi isianze kabla kila wanafunzi wanne hawajapata mizani ya gramu, sirinji, kipimajoto na rola ya chuma ya kutoa viputo. Mtihani nao usiwe wa karatasi. Mwanafunzi achanganye mwenyewe, alaze tabaka tatu, kazi ikae hadi kesho yake. Mkufunzi apitishe kitambaa chenye asetoni juu yake. Ikinata, arudie.

Waundaji boti,
Lamu