Barua ya wazi kwa wazee wenzangu wenye mali na watoto

Wazee wenzangu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira. Nimechoka kukaa matangani tukiwalaani watoto wanaogombea mali, huku marehemu aliyewapandia ugomvi huo tukimsifu kuwa mchapakazi. Leo tumtazame Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza kuanzia 1154 hadi 1189.

Hakuwa mzembe. Alikuta nchi imechoshwa na vita vya mama yake na Stephen, waliogombea taji, akaituliza. Milki yake ilitoka mpaka wa Scotland hadi milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa. Mkewe Eleanor alimzalia watoto wanane, na wanne wa kiume wakafikia utu uzima.

Ila mkono wake haukujua kuachia. Tarehe 14 Juni 1170 mwanawe mkubwa, naye Henry, alitawazwa Westminster kuwa mfalme pamoja na baba yake, akiwa na miaka 15. Kumbe ni jina tu! Hakukabidhiwa hata jimbo moja aliendeshe, wala mapato ya kuwatunza watu wake. Kisha baba, akipanga ndoa ya kitinda mimba wake John, akaahidi kumpa ngome za Chinon, Loudun na Mirebeau, zilizokuwa katika fungu la huyo huyo mkubwa. Kijana akagoma. Machi 1173 alitoroka Chinon usiku, akakimbilia kwa baba mkwe wake, mfalme wa Ufaransa. Wadogo zake Richard na Geoffrey wakamfuata. Mama yao aliyewaunga mkono alikamatwa, akawekwa kizuizini mpaka mumewe alipokufa.

Mnamwita mwasi? Nami nauliza: nani alimvisha mtoto taji akamnyima kazi?

Baba alishinda mwaka 1174. Akasamehe, hilo nampa. Lakini alichompa mkubwa ni ngome mbili za Normandy na posho. Posho, kwa mtu mzima aliyetawazwa! Juni 1183 kijana yule, akipigana tena na baba yake, aliugua kuhara damu huko Martel. Akaomba baba aje. Baba akahofia mtego, akatuma pete tu, ishara ya msamaha. Mtoto akafa bila kumwona. Hapa mimi huwa nashindwa kuendelea, maana wapo kati yetu ambao simu ya mwana wao wanaipokea kwa hofu ile ile.

Hata hapo hakujifunza. Richard naye alinyimwa neno la wazi kwamba ndiye mrithi, na Novemba 1188 akapiga magoti mbele ya Philip, mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, kumkubali kuwa bwana wake, baba yake akitazama. Julai iliyofuata, mzee akiwa mgonjwa Chinon, aliletewa orodha ya waliomwacha. Jina la John lilikuwamo. Aliyemuuguza hadi mwisho ni mwanawe wa nje ya ndoa.

Nasi jamii tunachangia: tunamheshimu mzee anayekufa ameshika funguo zote, na anayegawa mapema tunamwona amekwisha.

Mengine nayataja tu. Andika wosia. Mama yao msikilize. Usimpe mdogo kilicho cha mkubwa.

Kama mwanao ana miaka 40 na bado anakuomba nauli, mwite Jumamosi hii. Mkabidhi duka moja pamoja na daftari la hesabu, na akikosea, mwache arekebishe mwenyewe.

Ni mimi, mzee mwenzenu.