Kwa vijana mnaojiunga na klabu za kuangalia ndege Pwani

Wanangu wa Kilifi, Watamu na Malindi,

Nimeiona hiyo video mnayorushiana kwenye WhatsApp. Bundi wa Sokoke kamulikwa tochi usoni, watu wamemzunguka, na simu inapiga mlio wa bundi uliorekodiwa bila kupumzika. Chini mmeandika "tumempata!" Mmempata, halafu?

Bundi huyo hafiki hata sentimita 20. Makao yake yanayojulikana duniani ni machache mno, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa Pwani na Usambara Mashariki, kule Tanzania. Akisikia sauti ya mwenzake haji kupiga picha nanyi, anakuja kupigana. Anaamini kuna mvamizi kaingia kwake. Anaacha kuwinda, anaacha kinda, anajianika tawini akimtafuta adui ambaye hayupo. Kesho linafika kundi jingine na simu yake. Akichoshwa hivyo, ama atahama, ama atazoea, asishtuke hata anapoingia mvamizi wa kweli. Kwa hiyo karibu na kiota msipige sauti kamwe, na kwa ndege adimu msipige kamwe, hata sekunde kumi. Mchana bundi hawa hulala wawili wawili vichakani, na mwongozaji anayeujua msitu atawaonyesha bila kelele. Simameni mbali, tazameni dakika chache, ondokeni. Picha mkiirusha, msitaje mahali.

Lawama si yenu peke yenu, najua. Wageni humtunza mwongozaji kwa idadi ya ndege aliowaonyesha, na hakuna anayemtunza kwa ndege aliowaacha walale. Vijijini nako bundi angali anapigwa mawe eti kaleta kifo, na wazee wenzangu wanatazama tu. Wa kuwakanya wangekuwa nyinyi. Sasa mtawakanya kwa uso gani?

Mengine ni mepesi.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Ya kukuza mara 12 itawatikisikia mikononi. Kabla ya kuilaumu kuwa mbovu, irekebisheni: ziba lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha ziba ya kushoto, na safari hii zungusha kipete kilicho kwenye jicho la kulia, gurudumu usiliguse. Ukimwona ndege usimwondolee macho, inua darubini ije machoni. Lenzi usiifute kwa shati, maana chumvi na mchanga wa huku hukwaruza. Puliza kwanza.

Daftari na penseli, kwani wino huyeyuka mvuani. Tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza. Orodha kamili ya Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, hutaka angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja wa ramani, kama kilomita 9 kwa 9, na kila aina iandikwe kwa zamu ilivyoonekana. Kunguru naye aandikwe, ingawa hatumpendi. Orodha ya ndege adimu peke yao haimwambii mtafiti chochote.

Januari kuna hesabu ya ndege wa maji. Mida Creek, hori ya karibu na Watamu, fikeni maji yakianza kujaa, wakati vitwitwi, ndege wa ufukweni, wanasogezwa karibu na mikoko. Msiwakimbilie, wanahitaji mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini mwezi wa nne. Hesabuni kumi kumi. Kundi likiruka katikati ya hesabu, msikisie: ngojeni litue, muanze upya.