Programu huria ni ya bure, lakini tunaisoma kwanza

Ofisini kwetu hapa Kampala kuna swali ambalo huja mteja akishaiona bei: "Fundi, si mlisema programu hii ni huria? Mbona mnanitoza siku mbili za kuisoma?" Ni haki yake kuuliza, na jibu lake ni refu kuliko tunavyoweza kulitoa kwenye simu.

Mfumo tunaokutengenezea hatuuandiki wote sisi wenyewe. Sehemu ya kuchapa risiti, ya kutuma ujumbe mfupi, ya kupanga hesabu za mwezi, nyingi ni programu huria, yaani kazi za watu walioziweka wazi kwenye intaneti. Lakini kuwekwa wazi si kuachiwa. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kwa hiyo msimbo (maandishi yenyewe ya programu) uliowekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo, bila leseni yoyote, yaani bila maandishi ya kukupa ruhusa, unaweza kuusoma, ila mwenyewe hajakuruhusu kuuingiza kwenye biashara yako. Tukikuta hali hiyo tunamwandikia mwenyewe kumwomba ruhusa, au tunatafuta nyingine.

Leseni za MIT, BSD na Apache 2.0 hazitusumbui. Unatumia, unabadilisha, hata unauza, mradi ubakize tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni.

Leseni ya GPL ndiyo inayokula muda, kwa sababu jibu lake linategemea unachotaka kufanya. Chukua sako (chama cha kuweka na kukopa) ya waendesha boda inayotaka mfumo wa kutunza akiba. Sisi tunaowakabidhi mfumo wenye GPL ndani yake tunawajibika kuwapa na msimbo chanzo. Hilo ni jema kwao: siku wakituchoka, fundi mwingine ataendelea tulipoishia. Wakiutumia wao wenyewe tu, leseni haiwadai zaidi. Sasa mwakani sako ya jirani inaupenda, na wale wa boda wanaamua kuwauzia nakala. Kuuza wanaruhusiwa. Ila mnunuzi naye ana haki ya kupata msimbo chini ya leseni ileile, na akitaka kumpa mwingine bure hawawezi kumzuia. Leseni ya AGPL, ndugu yake, inakwenda mbali zaidi: hata kama hujampa mtu nakala, ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape watumiaji hao njia ya kuupata msimbo wako.

Hili limetuuma sisi wenyewe. Tulimtengenezea mama mmoja mwenye duka la jumla Busia mfumo wa stoo na mauzo, na sehemu ya kutoa ankara za PDF tuliichukua bila kufungua leseni yake. Biashara ikamwendea vizuri, akaja na wazo la kuwakodishia wenye maduka wengine mfumo huo kupitia mtandao, msimbo ubaki wake. Ndipo tulipoisoma: AGPL, na sisi tulikuwa tumeibadilisha. Tuliing'oa, tukaandika upya sehemu yote ya ankara kwa gharama yetu, naye akangoja wiki tatu ambazo hakupaswa kungoja. Tangu hapo, swali la kwanza tunalomuuliza mteja ni kama mfumo utabaki kwake au ana nia ya kuuuza.

Tunaangalia pia namba ya toleo, maana leseni hubadilika. Redis, hifadhidata inayotumika kwenye seva nyingi duniani, ilikuwa chini ya BSD hadi Machi 2024, ilipotangaza masharti mapya yanayowabana wanaoiuza kama huduma. Matoleo ya zamani yalibaki na leseni yake ya zamani, na mwaka 2025 AGPL ikaongezwa kama chaguo. Jina moja, ruhusa tatu tofauti.

Kisha tunasoma nyaraka za matumizi, na hapa mfano wetu wa kila siku ni shilingi. Programu nyingi za malipo hupokea kiasi kwa senti, kwamba dola 5 huandikwa 500. Shilingi ya Uganda haitumii senti, na katika orodha ya kimataifa ya sarafu imeandikwa kuwa na desimali sifuri. Nyaraka zisipoeleza sarafu za aina hii zinashughulikiwaje, mteja wa 50,000 anaweza kuonekana amelipa 500. Tunatafuta pia kama programu inastahimili umeme kukatika katikati ya muamala, na kama bado kuna watu wanaoirekebisha. Kama nyaraka hazisemi, tunajaribu wenyewe kabla haijagusa pesa za mtu.

Mwisho tunaandika kila tulichotumia, toleo lake na leseni yake. Desemba 2021, kasoro kubwa ya usalama ilipotangazwa kwenye Log4j, programu huria ya kuandika kumbukumbu za matukio ya mfumo, kazi ngumu kwa mashirika mengi ilikuwa kujua kama wanayo, kwa kuwa ilikuwa imejificha ndani ya programu nyingine. Karatasi yenye orodha hiyo tunakupa siku ya makabidhiano, na nakala tunabaki nayo. Ikitangazwa kasoro, tunaangalia orodha na kukupigia simu siku hiyohiyo.

Ukija kwetu na mfumo uliotengenezwa kwingine, tunaweza kukuandalia karatasi hiyo. Njoo na msimbo wenyewe na mkataba ulioandikiana na fundi wako.