Barua ya malalamiko: mashine ya kusokota kamba isiyolingana na miili yetu

Ngamiani,
Tanga.
12 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: MASHINE YA PEDALI YA KUSOKOTA KAMBA ZA KATANI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Novemba mwaka jana kikundi chetu cha akina mama 14 kilinunua kwenu mashine hiyo kwa shilingi 1,850,000. Fedha ni mkopo wa halmashauri, lile fungu la wanawake, na marejesho tunalipa kila mwezi, mashine iwe inazunguka au imefunikwa turubai. Kwa sasa imefunikwa turubai.

Si mbovu. Chuma chake kizuri, na kamba inatoka na msokoto uliokaa sawa kuliko wa mkono. Ila aliyeibuni hakuwahi kumtazama mtu atakayeitumia.

Sisi singa, yaani nyuzi za mkonge, tumezisokota tangu utoto, tumekaa mkekani, tunaziviringisha pajani. Kazi hiyo nayo ina maumivu yake, paja huchubuka, ndiyo maana tukatafuta mashine. Lakini mkekani mtu hukunja mguu, hugeuka, huinuka akachochea chungu akarudi. Kwenye mashine yenu anasimama wima: mguu wa kulia unakanyaga pedali, wa kushoto unabeba mwili mzima, na pedali imekaa upande mmoja kiasi kwamba huwezi kubadilisha. Mdomo wa kulishia singa uko sentimita 112 kutoka sakafuni. Tumepima viwiko vyetu tukiwa tumesimama: mfupi wetu ana 93, mrefu wetu 102. Elimu ya egonomia, ile ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya, inataka kazi nyepesi ya mikono iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Mdomo huo basi umezidi kwa karibu robo mita. Mikono inaning'inia hewani kutwa, na jioni hakuna anayeweza kujisuka nywele.

Mpini wa kukazia ni mnene, vidole havikutani. Hilo ni dogo.

La kutisha ni mnyororo, ambao hauna kava. Mwezi Januari ulinasa pindo la kanga ya mwenzetu ukamvuta hadi akapiga magoti. Kanga ilichanika, ndiyo salama yake. Mnauzia wanawake wa pwani mashine yenye mnyororo wazi usawa wa goti. Sijui mlidhani tutavaa nini.

Nilipopiga simu, fundi wenu alinijibu, "Mtazoea tu, mama." Kiatu kipya hulegea kwa kuvaliwa, kiuno hakilegei. Akaongeza kwamba mashine imetoka nje. Mkonge nao ulitoka nje, mwaka 1893, na udongo wa huku haukuambiwa uuzoee; ulipandwa kwa sababu ulifaa.

Tulipoagiza tuliwaeleza kwamba ni ya kikundi cha wanawake, na ankara yenu imeandika hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi atoe kitu kinachofaa matumizi hayo. Tunaomba miguu ya bomba ndani ya bomba yenye matundu na pini, ili kila mtu aipandishe au kuishusha kwa kimo chake, pedali pana inayokanyagika kwa mguu wowote, mpini mwembamba, na kava la mnyororo. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu ameitazama, anasema ni kazi ya siku mbili. Kama ndani ya siku 21 hamjaifanya, tutaomba mtuchukulie mashine yenu na kuturudishia fedha zote, na nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani, inayolinda wanunuzi.

Fundi aje Jumanne au Alhamisi baada ya adhuhuri, siku nyingine tuko sokoni. Na aje na futi, atupime sisi kwanza kabla ya kupima chuma.

Wenu,
(Sahihi)
Katibu wa kikundi