Barua kwa Mwanangu: Siku ya Kumi na Tatu

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba yako na kikohozi chake, na ukimuuliza atakataa katakata kwamba anakohoa.

Picha uliyonitumia nimeiona, ile karatasi uliyoibandika ukutani juu ya meza yako. Mambo tisa, kila moja na kisanduku chake cha kuweka alama: kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kusoma kurasa hamsini, kuandika shajara, kujifunza lugha mpya, kuweka akiba, kutogusa mitandao mpaka jioni, kumaliza viporo vyote vya kazini kabla ya kutoka, kulala saa tatu usiku. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana hakuna mzazi asiyependa kuona mwanawe anajipanga. Mara ya pili nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu karatasi hiyo naijua. Niliwahi kuwa nayo.

Nilikuwa na umri kama wako, nimeanza kazi karibuni, nimechoka kuchelewa kila mahali na kuomba radhi kila siku. Nikachora jedwali kwa rula, nikatumia kalamu za rangi tatu. Siku kumi na moja nilitimiza kila kitu, hata mwendo wangu ukabadilika, natembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku ya kumi na mbili niliamka na homa, sikufanya hata kimoja. Siku ya kumi na tatu homa ilikuwa imeniachia, lakini nilipoitazama ile safu tupu ya jana nikaona nimeshaharibu. Nikasema nitaanza upya mwezi ukiandama. Mwezi uliandama bila mimi. Karatasi ilikaa ukutani mpaka ikageuka manjano, na mwisho wake niliichana kipande nikaandikia namba ya simu ya mtu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba homa ndiyo iliyoniangusha. Uongo huo. Mgonjwa ni mgonjwa, hakuna wa kumdai. Mimi niliacha siku ya kumi na tatu, nikiwa mzima wa afya. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo: karatasi yako ina nafasi ya mambo tisa, lakini haina hata mstari mmoja unaosema utafanya nini kesho yake baada ya kushindwa.

Na utashindwa, mwanangu. Sikuombei mabaya, nahesabu siku tu. Najua umesikia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Hilo lilienezwa kutokana na maneno ya Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Neno "angalau" lilidondoka njiani, na sura ya usoni ikageuzwa kuwa kila kitu, toka mazoezi ya mwili hadi kuweka akiba. Watafiti wa London, Phillippa Lally na wenzake, walipokuja kulipima jambo lenyewe kwa watu 96 waliochagua kila mmoja kitendo kimoja cha kila siku, utafiti uliochapwa mwaka 2010, walikuta namba ya katikati ni siku 66. Wapo walioelekea kuzoea kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Aliyechagua kunywa glasi ya maji alizoea upesi. Aliyechagua mazoezi ya mwili alichukua muda mrefu zaidi.

Lakini kilichonigusa mimi humo si hizo namba. Ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi kwa kiasi cha maana. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kicheko cha uchungu kidogo. Safu yangu tupu haikuwa imebomoa kitu! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na bado mimi nilivunja koleo moja nikafunga kiwanda.

Kwa hiyo, kuhusu mambo tisa. Yakate. Bakiza moja, hata kama linaonekana dogo la kukuaibisha. Najua utasema mama amezeeka, hana tena kasi. Basi msikilize Benjamin Franklin, yule Mmarekani mchapaji aliyekuja kuwa mwanasayansi na mwanasiasa. Naye alijitengenezea orodha, fadhila 13, akaichorea daftari dogo lenye safu za siku, na kila kosa akaliwekea doa jeusi. Tofauti yake na sisi ni kwamba hakuzikabili zote kwa pamoja: kila juma alikaza macho kwenye moja, wiki 13 zikiisha anarudia mwanzo. Na hata hivyo alikiri mwenyewe kwamba ile ya utaratibu, kila kitu mahali pake na kila kazi kwa wakati wake, ilimsumbua kuliko zote na hakuiweza sawasawa. Mtu wa namna ile! Mimi huwa linanipa faraja sana jambo hilo, hasa nikiitazama meza yangu.

Ukishabakiza moja, usiiandikie saa peke yake. Iandikie mlango. Namaanisha hivi: tafuta kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa, kisha jambo jipya liingilie hapo. "Nitasoma zaidi" ni maombi. "Nikishavua viatu jioni, nakaa kwenye kiti cha dirishani nasoma kurasa mbili kabla ya kitu kingine" ni mpango. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza hili kwa miaka mingi. Katika jaribio moja, wanafunzi waliombwa kuandika taarifa fupi wakati wa likizo ya Krismasi, ndani ya siku mbili. Waliotakiwa kutaja mapema wataandikia wapi na saa ngapi, takribani robo tatu yao waliandika. Kati ya wale ambao hawakutakiwa kutaja, ni kama theluthi tu. Nia ilikuwa ile ile kwa wote. Kilichozidi upande mmoja ni mahali na wakati.

Hapo kwenye kurasa hamsini, weka mbili. Siku utakayosoma arobaini ni heri yako, lakini deni ni mbili tu. Kipimo kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku ya homa unaweza kukitimiza ukiwa umelala.

Tena kuna jambo ambalo wanaozungumzia tabia hulipita haraka mno, nami sitaki ulipite. Si kila kitu kinaweza kuwa mazoea. Kupiga mswaki, ndiyo, mkono unajiendea wenyewe. Lakini kuandika ripoti ngumu, kusoma kitabu kizito, kumwambia mtu ukweli asioupenda, hayo hayatakuwa mepesi hata baada ya miaka thelathini. Mimi bado yananitoa jasho. Kinachoweza kuwa mazoea ni kule kuanza: kuvuta kiti, kufungua faili, kuzima arifa za simu. Ukifika hapo mazoea yamemaliza zamu yao na kazi inabaki kuwa kazi. Vijana wengi huacha kwa sababu wanangoja siku ambayo itakuwa rahisi, haifiki, basi wanadhani wao wana kasoro. Usiingoje.

Na usijiamini sana. Nalisema kwa upendo. Umeandika "kutogusa mitandao mpaka jioni", huku simu yako inalala chini ya mto wako. Utashinda mara moja, mara mbili, siku ya tatu umechoka, kidole kimeshafika. Aliyekuja kunifungua macho hapa ni mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope. Alikuwa mtumishi wa idara ya posta kwa miaka mingi, na riwaya zake, zaidi ya arobaini, nyingi aliziandika kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ameiweka mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Wanaomsifu hutaja hayo. Mimi napenda kipande kingine: alimlipa mtumishi wake nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe, na alisema mtumishi yule alistahili sifa kwa mafanikio yake kuliko mtu mwingine yeyote. Yaani gwiji wa nidhamu hakuiamini nidhamu yake. Alijua kwamba yule mtu anayelala na yule anayeamka hawana kauli moja, akamwajiri wa tatu awaamue.

Wewe huna haja ya kuajiri mtu. Simu ilale chumba kingine, ununue saa ya kengele. Viatu vya kukimbilia vikae mlangoni usiku. Kitabu kikae juu ya kiti chenyewe, ili kukaa bila kukishika isiwezekane. Akiba ikatwe benki siku ile ile mshahara unapoingia, kabla macho yako hayajauona. Haya hayana ushujaa wowote na ndiyo maana yanafaa.

Sasa la kazini. Kama ungeniuliza ni tabia ipi moja iliyonisaidia kuliko zote, ungetarajia niseme kuamka mapema. Hapana. Ni daftari.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimwahidi mwenzangu mmoja kwamba kesho yake asubuhi nitampa takwimu fulani. Nilisema kwa moyo mweupe, nikiwa natembea koridoni. Nikasahau kabisa. Alisimama mbele ya mkutano, akafika kwenye ukurasa ule, akanitazama, nami bado sikukumbuka ananitazamia nini. Hakunigombeza. Hakunisema kwa mtu. Alichofanya ni kuacha kuniomba kitu, na baada ya miezi nikatambua kwamba kazi nzuri zinapita pembeni yangu kwenda kwa watu wengine. Laiti angenifokea! Ukifokewa unajua deni lako ni kiasi gani.

Tangu hapo neno lolote linalotoka kinywani mwangu lenye "nita-" linaandikwa kabla sijaondoka pale niliposimama. Nitakutumia, nitamuuliza, nitakupigia. Watu hunicheka, baba yako wa kwanza. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi nafungua ukurasa wa siku hiyo: lililotimia nalikata, lisilotimia ama nalihamishia kesho, ama nampigia mwenyewe nimwambie halitawezekana leo. Hilo la kupiga simu ni chungu, lakini limenijengea heshima kuliko kazi niliyowahi kuimaliza kabla ya muda. Na limenifunza faida ambayo sikuitarajia: ukijua utaandika kila ahadi, unaahidi kidogo. Mkono unachoka kabla ya ulimi.

Dogo jingine, nisije nikasahau. Unapolazimika kuacha kazi katikati, mtu amekuita au umepigiwa simu, andika mstari mmoja kwanza: nimefika hapa, kinachofuata ni hiki. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba tukiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine sehemu ya mawazo yetu hubaki kwenye ile ya kwanza, na baadaye yeye na mwenzake wakakuta kwamba kuandika kwa ufupi jinsi utakavyoendelea hupunguza mabaki hayo. Mimi nilianza kufanya hivyo kwa sababu ya usahaulifu tu, bila elimu yoyote. Hicho kiporo cha kazini ulichoorodhesha hakitaisha kila siku. Kinachowezekana ni kukiacha kikiwa na alama, usikitafute asubuhi kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kuhusu saa kumi alfajiri sina la kusema, ila nakumbuka jinsi ulivyokuwa unaamshwa shule. Kama kazi yako inaanza saa tatu na kichwa chako huchangamka jioni, sioni dhambi. Dada yako huandika vizuri usiku na hakuna aliyekufa.

Sasa nakuomba hivi. Bandua ile karatasi, lakini usiitupe. Chagua moja, iandike na mlango wake, na chini yake uandike neno moja la siku utakayoruka: "narudi". Usiandike kwa nini uliruka. Mimi katika daftari langu siku hizo naweka alama ya mkwaju (/) tu, na siku inayofuata naendelea kama kawaida. Juzi nilihesabu ya mwaka huu, mikwaju ni 29. Baba yako akaniuliza kama sioni aibu. Nikamwambia ahesabu kurasa zilizojaa.

Ukishachagua niambie ni ipi, nina hamu ya kujua. Ila ukinitumia ujumbe usiku usishangae nisipojibu mpaka asubuhi. Simu yangu inalala sebuleni.

Mama yako akupendaye