Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi za Bahari: Droni iruke kabla weupe haujaisha

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuandikia barua tatu kabla ya hii. Zote zilipita masjala, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala zenye mihuri hiyo ninazo. Hii ya nne naiandika mbele ya watu kwa sababu Jumanne iliyopita nilizamia nikakuta nambari 14 limekufa.

Nambari 14 ni tumbawe bapa, pana kama meza ya watu sita, mita nne chini ya maji. Tuliliwekea nambari miaka saba iliyopita, tukapigilia kibao cha plastiki pembeni yake, na tangu hapo nimelipiga picha kila msimu. Wiki sita zilizopita lilikuwa jeupe pe. Jumanne nilipolikaribia niliona rangi imerudi, na kwa muda mfupi moyo ulinidunda kwa furaha. Kisha nikapitisha kidole ukingoni, nyuzi za mwani zikanata kwenye glavu. Rangi ile haikuwa ya tumbawe. Ulikuwa mwani ulioota juu ya mifupa yake.

Wewe unayajua haya, ila nayaandika kwa ajili ya wengine watakaosoma. Tumbawe likipauka halijafa bado. Ndani ya nyama yake huishi vimwani vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha msimu hata kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na hali ikadumu kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vimwani hivyo. Kinachobaki ni nyama inayopenyeza mwanga na mifupa myeupe chini yake. Joto likishuka mapema vimwani hurudi, tumbawe likapona. Likichelewa kushuka, tumbawe hufa kwa njaa, mwani wa nje hulifunika, na ukitazama kutoka juu huwezi tena kulitofautisha na jiwe lolote. Weupe ndio ushahidi, na ushahidi huo una umri wa wiki chache tu.

Ndiyo maana nakukumbusha ahadi yako. Siku ya uzinduzi wa droni ulisimama ufukweni umeishika droni mkononi, ukatuambia kwamba mwamba utapigwa picha kabla ya joto, wakati wa joto na baada ya joto, na kwamba picha hizo zitawekwa wazi kwa wavuvi na wazamiaji. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, na chini yake niliandika tarehe. Msimu wa kwanza wa joto ulipita. Huu ni wa pili, nao unaelekea kuisha.

Droni hiyo imeruka mara moja tu, siku ile ile ya uzinduzi, saa sita mchana, upepo ukivuma na wageni wakipiga makofi. Nilizisogelea picha zake kwenye skrini. Nusu yake ni mng'ao wa jua juu ya mawimbi. Yeyote aliyewahi kupiga picha za mwamba kutoka angani angekwambia uruke asubuhi mapema, jua likiwa chini, maji yamekupwa na bahari imelala, kamera ikiwa na kichujio cha kupunguza mng'ao, na kila picha ifunike ile iliyotangulia kwa takriban asilimia 80 ili kompyuta iweze kuziunganisha ziwe ramani moja. Tulisema hayo kwenye mkutano. Yaliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha yakabaki humo.

Mwezi uliopita nilifika ofisini kufuatilia, na kijana mmoja mwenye moyo mwema akanifungulia kabati. Boksi lilikuwa na vumbi. Batri mbili kati ya tatu zilikuwa zimevimba kama mikate. Batri za aina ile ukizihifadhi zikiwa zimejaa chaji kwa miezi huharibika, na hakuna aliyepewa jukumu la kuziangalia. Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Kuhusu kibali cha kurusha, wenzetu wa mamlaka ya usafiri wa anga wanasema wanasubiri barua yako, na ofisi yako inasema inawasubiri wao. Mimi nahisi faili limelala kati ya meza mbili na hakuna anayelitafuta. Labda kuna mwenye hofu kwamba picha zitaonyesha vifo vingi na kwamba atatakiwa kujibu. Kama ni hivyo, Mheshimiwa, sikulaumu wala hakuna atakayekulaumu kwa joto la bahari. Mpauko mkubwa uliikumba dunia mwaka 1998, ukarudi 2010, ukarudi tena kati ya 2014 na 2017, na huu wa nne ulianza 2023 na umeifikia zaidi ya asilimia 80 ya miamba ya matumbawe duniani. Mwaka 2016 wanasayansi wa Australia walipita angani kwa ndege na helikopta juu ya miamba 911 ya Great Barrier Reef, wakatangaza kwamba ni asilimia 7 tu iliyokuwa haijapauka. Walitangaza jambo la kutisha, na dunia ikawasikiliza kwa sababu walikuwa wameliona wakati ule ule.

Niliambiwa pia kwamba satelaiti zinatosha. Satelaiti zinazopima joto la bahari nazifuatilia kila wiki na nazishukuru, ndizo hutupa tahadhari. Lakini kila mraba wa ramani zake una takriban kilomita 5 kila upande. Mwamba wetu wote unaingia ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki. Satelaiti inaniambia maji yana moto. Haiwezi kuniambia kama nambari 14 liko hai. Droni ikiruka mita 40 juu ya maji, nukta moja ya picha ni kama sentimita moja, na batri moja inamaliza eneo ambalo mimi ningelizamia kwa wiki nyingi. Sisemi itafanya kila kitu. Kwenye maji machafu haioni, kwenye kina kirefu haioni, na mara nyingine huchanganya tumbawe jeupe na mchanga. Ndiyo sababu sisi wazamiaji tupo, tushuke na kadi ya rangi, ya kulinganishia rangi ya tumbawe, tuhakikishe. Tunachoomba ni kujua wapi pa kushuka.

Kwa sasa nashuka kwa kubahatisha. Nina tepu ya mita 50, fremu ya nusu mita kwa nusu mita na kamera ya kuazima. Mafuta ya boti tunachangishana. Ngoma ya sikio langu la kushoto imetoboka mara mbili, na daktari aliniambia nikae nchi kavu miezi mitatu. Nilikaa wiki tatu, kwa sababu maji yalianza kupata moto na hapakuwa na jicho lingine huko chini. Usiku sikio linavuma hadi nashindwa kulala. Mke wangu ameacha kuniuliza kazi hii inanilipa nini.

Mheshimiwa, nilianza barua hii nikiwa na madai mengi: mafunzo ya warushaji, hifadhi ya picha, fundi wa batri. Nimeyaweka kando yote. Nambari 3, nambari 9 na nambari 22 bado ni meupe. Niliyaona Jumanne hiyo hiyo, na ndani ya weupe huo ningali naona vinyama vyake vikifunga vidole nikivipitishia mkono karibu. Viko hai. Bamvua lijalo, maji yatakapokupwa sana, ni baada ya siku tisa. Batri mpya tumeshanunua kwa michango yetu, na rubani mwenye leseni amekubali kuja bila malipo.

Imebaki saini yako kwenye barua ya kibali. Tafadhali itie wiki hii.

Wako kwa heshima,

Mzamiaji wa kujitolea, kikundi cha kufuatilia matumbawe