Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: tunaomba banda na maji

Mheshimiwa Bwana Meya,

Mimi ni mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, hapa Kampemba. Ombi langu ni banda moja lenye paa, sakafu ya saruji na bomba la maji. Wenzangu wa mitaa ya Katuba na Kenya, humuhumu jijini, wangeomba hilohilo.

Mgeni akitembelea jiji hili, ni nadra aondoke bila jiwe la kijani: yai, tembo, mkufu, seti ya sataranji. Wachache wameona linakotoka. Likifika kwetu limejaa udongo mwekundu na nje lina vinundu kama zabibu zilizobanana. Kabla ya kushika chombo chochote, unakaa nalo ulitazame. Ukipasua kinundu katikati, mistari inatokea imepangana, kijani cheusi kikifuata kijani cha majani machanga. Ukikata juujuu, unapata macho, duara ndani ya duara. Fundi anajua jicho lile litaangukia wapi, labda kwenye bega la tembo, labda kwenye tumbo la yai. Mwanafunzi anachonga tembo kwanza, mistari ikae inapotaka. Mnunuzi hawezi kueleza kwa nini mkono wake umemwacha tembo huyu ukamchukua yule, lakini sisi tunajua.

Kwenye kampuni za madini wanajua kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti, karibu asilimia 57, ni shaba, kwa hiyo wanaisaga. Sina ugomvi nao. Jiji hili limelelewa na shaba. Ila jiwe likishasagwa, mistari yake haiwezi kurudi.

Sasa nije kwenye maji. Malakiti ni laini, kisu cha chuma kinaikwaruza. Kwa ulaini huo tunapata masikio membamba ya swala, na kwa ulaini huohuo jiwe linatoa vumbi jingi. Vumbi lile ni la shaba na linaingia kifuani. Tena, jiwe likipata moto sana linabadilika kuwa jeusi, na kazi yote imekwisha. Ndiyo maana linakatwa likiwa linamwagiwa maji, na msasa nao unapigwa majini, kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa, ndipo lipakwe nta.

Uani kwetu, maji hayo yanatoka kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Kijana mmoja anaiminya juu ya diski inayozunguka, na waya wa umeme umelala palepale kwenye tope. Maji yakiisha, wengine wanakata kavu kwa sababu mteja anasubiri. Nguo za jirani zilizoanikwa zinapata unga wa kijani, naye ana haki ya kupiga kelele.

Bwana Meya, jiji hili limeshaona banda linavyoweza kulea sanaa. Mwaka 1946, tukiitwa bado Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, yaani Banda. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, majina yanayotajwa hadi Ulaya. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, lakini walichora pamoja. Sisi wachongaji kila mtu yuko uani kwake, na ujanja anaoupata unabaki humohumo.

Hatuombi chuo. Kiwanja kidogo kinatosha, mradi kiwe na shimo la kutuliza matope ili maji ya kijani yasiende mferejini. Ushuru wa kila mwezi tutalipa, kama wenye meza sokoni wanavyolipa. Ukimtuma mtu wa ofisi yako aje kutazama, aje asubuhi kabla umeme haujakatika, na asivae shati jeupe.

Kwa heshima,
Mchongaji wa malakiti, Kampemba